Kurasa Kumi na Moja za Kisima Namba Nne

Mpendwa Mama Advera,

Jumatatu ya tarehe 19 Mei, kati ya saa mbili na dakika hamsini na saa tatu na robo asubuhi, tumepoteza kurasa kumi na moja. Nimeanza na hilo kwa sababu kanuni ya kwanza ya mwongozo tunaouandika inasema anza na kilichoharibika na lini kimeharibika, salamu baadaye, kwa hiyo shikamoo yako utaikuta chini kabisa ya barua hii, usije ukaniona sina adabu, mimi nimelelewa.

Ninafanya kazi kwenye taasisi moja ya maji vijijini, jina lake nalihifadhi, tuna vituo kumi na vinne na mimi nasimamia cha Isikizya. Nafasi hii sikupewa na mjomba. Nilianza mwaka 2004 nikibeba mabomba begani kwa kibarua, elimu yangu darasa la saba, nikajisomea jioni miaka sita mpaka nikapata cheti cha ufundi, na leo nina mafundi tisa chini yangu na pampu thelathini na moja, na uniulize kina cha kisima chochote nitakutajia kwa mita bila kufungua daftari. Nakueleza haya ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kulialia ovyo.

Mwezi Machi, Meneja wetu aliteua watu wanne tuandike mwongozo wa uandishi kazini, yaani namna ya kuandika taarifa, barua, muhtasari wa kikao na ujumbe wa dharura, ili kituo kikiandika kitu makao makuu wakielewe siku hiyohiyo. Kwa kuwa tumetawanyika, tukakubaliana kufanyia kazi mtandaoni, kwenye waraka mmoja wa pamoja, ule ambao kila mtu anaufungua hukohuko aliko, anaandika, na wenzake wanaona. Wanne wenyewe, majina nimeyabadilisha, ni mimi. Batuli, karani wa kituo cha Kaliua, ambako mtandao nao una ratiba kama treni ya Mpanda. Abdulatifu, mtunza takwimu wetu wa Tabora mjini, ndiye mjuzi wa kompyuta, mkataba wake unaisha tarehe 30 Juni. Na Mzee Raymundi, msimamizi wa kituo cha Lusu kule Nzega, miaka hamsini na tisa, ametumikia taasisi miaka ishirini na tisa na mwakani anastaafu.

Sasa, Mzee Raymundi alishindwa kufungua akaunti. Siku tatu anahangaika na nywila, mara imekataa, mara ameisahau, mara aliiandika kwenye karatasi na karatasi wamefungia vitumbua, nikaona muda unakwenda, nikawapa wote watatu akaunti yangu na nywila yangu, basi tukawa tunaingia wote kwa jina langu. Niliona nimerahisisha kazi. Matokeo yake, ukiusoma ule waraka utadhani nimechanganyikiwa, kwa sababu pembeni kule kwenye maoni ninajiamkia na kujiitikia mwenyewe. Shikamoo mzee, jina langu. Marahaba binti, hamjambo huko, jina langu. Hatujambo, poleni na msiba, jina langu. Nimehesabu, Mama Advera. Maoni yote ni 212, na kati ya hayo 137 ni salamu na pole, 41 ni neno "sawa", 22 ni "amina" kwa sababu kila Jumatatu mzee anafungua wiki kwa sala, na yanayohusu uandishi ni 12. Kumi na mawili, kwa wiki tisa!

Na hayo kumi na mawili usiyaone hivi. Mzee aliandika utangulizi wa kurasa nne, kwa heshima na taadhima, kwa unyenyekevu mkubwa, tukimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, hadi ukurasa wa nne ndipo unajua kwamba unasoma mwongozo. Batuli, ambaye kwenye simu aliniambia "dada, ule utangulizi unachosha mpaka macho yanatoa machozi", alipofika kwenye waraka akaandika: "Mzee wetu, hapa pamekaa vizuri sana, labda tu kama itakupendeza tungepunguza neno moja au mawili." Mimi nikaupunguza ukawa mistari sita. Kesho yake asubuhi kurasa nne zimerudi. Nikapunguza tena, zikarudi tena. Mara sita nimepunguza, mara sita zimerudi, na nilipochunguza nikakuta mzee hata kuandika humo hawezi vizuri, alikuwa anampigia Batuli simu na Batuli anamrudishia, eti angemkataliaje mtu wa umri wa baba yake.

Nikampigia mzee mwenyewe. Nikamwambia, mzee wangu, taarifa ya kazini inaanza na tatizo. Akacheka. "Mayu," aliniita hivyo, yaani mama kwa kilugha chetu, ndivyo anavyoniita tangu zamani, "unataka mtu aingie ofisini kwa Meneja bila kupiga hodi?" Nikamwambia, nyumba ikiwa inaungua mzee, hodi ya nini? Akasema, "Wewe hujawahi kuhamishwa." Hiyo ni habari yake ya miaka yote, kwamba mwaka 2001 alimwandikia bosi wa wakati ule barua ya mistari mitatu, pampu imekufa, watu hawana maji, leteni fundi, na wiki iliyofuata akahamishiwa Kaliua kwa utovu wa adabu, akakaa miaka minne, familia iko Lusu. Sawa, nimesikia, lakini huo ni mwaka 2001, na mwongozo ni wa leo.

Michango yake mingine anaandika kwa kalamu kwenye karatasi, anapiga picha, anatuma kwenye kundi letu la wasap, na kidole gumba chake kinafunika mstari wa mwisho. Picha kumi na tisa nimepokea, vidole gumba kumi na tisa.

Nifike kwenye kurasa zenyewe. Sehemu ya tatu ya mwongozo inahusu taarifa ya tatizo, nimeiandika mimi peke yangu kwa siku ishirini na tatu, sehemu kubwa kwa simu, na ndiyo moyo wa kazi yote, kwa sababu mwongozo wenyewe ulitokana na jambo lililotokea Februari. Mvua zilipokuwa kali, maji ya mafuriko yaliingia kwenye kisima namba nne cha Lusu. Msimamizi akaandika taarifa kurasa mbili, mistari 36. Ukurasa wa kwanza salamu, shukrani, kuiombea afya familia ya Meneja, na pole ya msiba wa mtumishi mwenzetu. Ukurasa wa pili mafuta ya jenereta, uzio, viatu vya mlinzi. Mstari wa 34 ndipo inasema: "Aidha, maji ya kisima namba nne yamebadilika rangi na harufu tangu mvua za juzi, tunaomba maelekezo." Meneja akasoma ukurasa wa kwanza, akaandika juu yake "Imeonekana", ikaenda kwenye jalada. Siku tisa watu wanakunywa. Waliougua 26, mmoja wao mama yangu mzazi, anaishi hukohuko Lusu, ana miaka 71, alitundikiwa dripu siku nne, na Mzee Raymundi alikuwa anakuja kila siku na chupa ya uji anakaa pale kitandani hasemi kitu, lakini turudi kwenye kurasa.

Taarifa ile niliinakili yote kwenye sehemu ya tatu, nikaweka namba kwenye kila mstari, nikapaka rangi nyekundu mistari 33 isiyo na kazi, juu yake nikaandika kwa herufi kubwa MFANO WA TAARIFA MBAYA. Jina la aliyeandika nililiondoa. Chini yake nikaweka namna ilivyopaswa kuandikwa, mistari mitano. Ijumaa tarehe 16 nikawatumia ujumbe kwamba sehemu ya tatu iko tayari, someni. Jumatatu saa mbili na dakika hamsini nimeifungua, ipo. Nikatoka kupokea mabomba yaliyoletwa na lori. Narudi saa tatu na robo, kurasa kumi na moja hazipo. Waraka ulikuwa na kurasa 43, umebaki na 32, sehemu ya pili inaisha na sehemu ya nne inaanza kana kwamba sisi hatujui kuhesabu. Na kwa kuwa wote tunatumia akaunti moja, aliyefuta ni jina langu! Nilipomlalamikia Meneja, alifungua akaangalia akaniambia, "Mbona inaonyesha ni wewe?"

Nikaandika kwenye kundi: nani amefuta sehemu ya tatu, naomba jibu la ndiyo au hapana. Nakunakilia majibu kama yalivyokuja. Abdulatifu: "Dada pole, asubuhi ile mtandao ulikuwa unasumbua sana." Batuli: "Pole mno dada yangu, tushukuru Mungu afya ipo." Mzee Raymundi: "Salaam kwenu nyote na poleni na majukumu. Mama anaendeleaje?" Mama anaendeleaje! Nimeuliza kurasa naulizwa mama.

Nikampigia Abdulatifu. Nikamuuliza, kurasa zinarudi? "Kikifutwa kimefutwa dada, hakirudi." Hakirudi kabisa? "Tuandike upya tu, safari hii vizuri zaidi." Vizuri zaidi vipi? "Bila ule mfano, dada." Basi hapo nikajua ni yeye. Batuli hawezi kugusa kitu bila kuomba radhi mara tatu, na mzee hata kufungua ni mpaka ashikwe mkono.

Kikao cha uongozi ni Jumatatu tarehe 2 Juni. Mwongozo ukipitishwa siku hiyo unafika vituo vyote kumi na vinne kabla ya mvua za Novemba. Usipopitishwa, kikao kinachofuata ni Desemba, mvua zimeshaanza, visima vitajaa tope na mtu atakaa chini tena aandike mistari 33 ya salamu. Nimejipanga hivi: naiandika upya sehemu ya tatu kutoka kichwani na mfano wake uleule, nauwasilisha mwongozo kwa jina langu peke yangu kwa kuwa wenzangu wamechangia maoni 12, na kikaoni nasimama namtaja Abdulatifu kwa jina kwamba ndiye aliyefuta. Batuli ameniambia nikifanya hivyo nitakuwa nimekula chumvi ya mzee nikamtemea, akinikumbusha kwamba hata barua yangu ya kuomba kazi mwaka 2004 aliniandikia mzee huyohuyo, alipokuja likizo Lusu, ukurasa mzima salamu, lakini hiyo ni habari nyingine kabisa na haihusiani.

Sitaki maelezo marefu, Mama Advera, nimeshiba maelezo marefu. Niwasilishe peke yangu na kumtaja Abdulatifu, ndiyo au hapana? Jibu nilione kwenye toleo la Jumanne tarehe 27 Mei, kabla ya saa sita mchana.

Msimamizi Mwenye Haraka,
Isikizya

*

MAMA ADVERA ANAJIBU

Hapana.

Umetaka neno moja, hilo hapo, na limekufikia ndani ya muda. Sasa kaa chini, kwa sababu umeniandikia barua ndefu kuliko ile ya mistari 36 na mimi nimeisoma mpaka mwisho, jambo ambalo Meneja wako hakulifanya. Nimefika mwisho nikaitafuta ile shikamoo uliyoniahidi. Haipo. Umeisahau, dada yangu, wewe mwenye hesabu zako zote. Marahaba hata hivyo.

Pole kwa mama. Pole kwa kazi ya siku ishirini na tatu. Kuandika kurasa kumi na moja kwa kidole kimoja kwenye simu si mchezo, na sababu yako ya kuziandika ni nzuri kuliko sababu nyingi zinazoletwa kwenye ukurasa huu. Uko sahihi kwamba tatizo likae juu. Uko sahihi kwamba Novemba haisubiri mtu. Hapo sina ugomvi na wewe.

Ugomvi wangu unaanzia hapa. Unamshangaa mzee aliyeweka jambo kubwa kwenye mstari wa 34. Na wewe umeweka wapi lako? Mama yako mzazi kutundikiwa dripu siku nne umelibana katikati ya sentensi, baada ya vitumbua na vidole gumba, kisha ukaandika "lakini turudi kwenye kurasa". Kwamba aliyekosea ndiye aliyekuandikia barua iliyokupa kazi, hilo umelisukuma karibu na mwisho, tena kwa mdomo wa Batuli, na ukasema halihusiani. Linahusiana. Watu hatufichi jambo chini ya maneno kwa kuwa hatujui kuandika. Tunalificha kwa kuwa linatuuma au linatutisha. Mzee wako alitishwa, tena na ofisi: aliandika mistari mitatu akahamishiwa Kaliua miaka minne. Ungekuwa wewe, barua yako ya pili ungeianzaje?

Umehesabu salamu 137. Chupa za uji umezihesabu? Mimi nimezihesabu, ni nne, kwa maelezo yako mwenyewe. Mtu mzima anakuja kila siku anakaa kitandani kwa mgonjwa hasemi kitu. Hiyo ni taarifa, dada. Haina hata mstari mmoja wa salamu, na wewe unayeandika mwongozo wa uandishi hukuisoma. Ulipouliza kurasa na yeye akauliza mama anaendeleaje, ndilo jibu pekee la kweli ulilopata siku ile.

Halafu ukachukua taarifa yake, ukaipaka rangi nyekundu, ukaitundika mbele ya Batuli na Abdulatifu ambao wanamwamkia, na ilikuwa inaelekea vituo kumi na vinne. Unasema jina uliliondoa. Lusu ina wasimamizi wangapi?

Ni nani alifuta, sikuwepo, sitaapa. Lakini nitakwambia ninachokiona. Nimemuuliza Bi. Shamila anayepanga kurasa za gazeti hili, yeye na wenzake wanafanyia kazi kwenye nyaraka za aina hiyo kila siku. Amecheka. Anasema kilichofutwa kwenye waraka wa pamoja hakipotei. Kinabaki kwenye historia yake, unaingia, unachagua siku na saa, unakirudisha, dakika tano hazifiki. Abdulatifu, mjuzi wa kompyuta, halijui hilo? Analijua. Amekudanganya, na uongo wake haumletei yeye faida yoyote. Kama alifuta yeye, au alifuta Batuli na yeye akanyamaza, shabaha ilikuwa moja, kumsitiri mzee. Ndiyo maana hakuna anayekujibu ndiyo wala hapana. Akikiri tu itabidi aseme ni kwa nini, na akisema kwa nini, aibu ya mzee imemwagika palepale. Wamekosea, maana kazi ya mtu haifutwi, huambiwa "dada, hapa umevuka". Lakini hawakukuhujumu. Na wewe unataka usimame kikaoni umtaje mtu ambaye mkataba wake unaisha tarehe 30 Juni? Huo mkataba utakuwa umeumaliza wewe siku ishirini na nane kabla.

Na kile cha akaunti moja, usikitupie mzee na nywila zake. Ulikuwa na haraka. Ungekaa naye nusu saa Lusu ukamfungulia yake, leo usingekuwa unajiamkia mwenyewe, na Meneja asingekuuliza alilokuuliza.

Kuna kitu kimoja zaidi, na hiki ndicho kilichonifanya niichape barua yako yote bila kupunguza. Mwongozo wenu una kurasa 43 za kumfundisha anayeandika. Una mstari wowote wa anayesoma? Mzee aliandika vibaya, sawa, lakini aliandika. Maneno yalikuwepo. Mtu mmoja alisoma nusu, akaandika "Imeonekana", akafunga jalada, na mtu huyohuyo ndiye aliyewaagiza ninyi mjifunze kuandika. Yeye umemtaja mara kadhaa na hujamkasirikia hata mara moja. Ni kwa nini? Kwa sababu ni Meneja. Basi na wewe unapiga hodi, dada, unapiga kimyakimya tu.

Sasa sikiliza utakachofanya.

Leo hiihii rudisha kurasa zako kutoka kwenye historia ya waraka, uzihifadhi pembeni, zisionekane kwa mtu bado. Kisha badilisha nywila. Abdulatifu na Batuli waambie wafungue akaunti zao, na uwaambie kwa sauti, si kwa wasap, kwamba humtafuti tena aliyefuta. Usiwaongezee neno.

Alhamisi panda basi la asubuhi uende Lusu. Mama yako yuko hukohuko, kwa hiyo huna kisingizio. Mwone mama kwanza. Halafu nenda kituoni kwa Mzee Raymundi na simu yako, mwamkie, kaa, umfungulie akaunti yake mwenyewe, nywila achague kitu asichoweza kukisahau. Ukimaliza hapo ndipo umwambie: "Mzee wangu, sehemu ya tatu naomba uiandike wewe." Aiandike kwa kalamu kama kawaida yake, wewe uichape mbele yake, na kidole gumba mwambie akiondoe. Aandike barua zake zote mbili, ile ya mistari mitatu iliyompeleka Kaliua na ile ya mistari 36 ya kisima namba nne, na aseme mwenyewe ni vipi ya kwanza ilizaa ya pili. Jina aweke asiweke, ni hiari yake. Akikataa, mfano huo hauingii, utatunga mwingine, na mistari yako mitano itabaki palepale kwa kuwa ni mizuri. Lakini sidhani kama atakataa. Mtu aliyebeba uji siku nne anatafuta pa kulitua jambo.

Salamu mpe mstari mmoja. Mmoja tu, wa kwanza, na tatizo liwe la pili. Hapo mtakuwa mmepatana wewe na yeye, na hakuna kisima kitakachochafuka kwa mstari mmoja.

Ukurasa wa mwisho uandike wewe, kwa kuwa huogopi, au unasema huogopi. Uelekeze kwa wakubwa: kila taarifa isomwe mpaka mstari wa mwisho, anayeipokea ajibu siku hiyohiyo kwa maneno, "Imeonekana" si jibu, na hakuna mtumishi atakayehamishwa kwa kuandika kifupi. Jumatatu tarehe 2 Juni wekeni majina manne kwenye jalada, na huo ukurasa usimame uusome wewe, ukimtazama Meneja. Kidole unachotaka kumnyooshea Abdulatifu, kielekee huko.

Umenipa mimi muda na neno, nami nakupa vivyo hivyo. Ijumaa tarehe 30 Mei, saa nne kamili asubuhi, nataka ujumbe wako kwenye namba ya ukurasa huu. Sihitaji hesabu na sihitaji sababu za mabasi. Ulifika Lusu ukamwomba mzee aandike, ndiyo au hapana?